Kipande cha Nyuma cha Mkuku

Lembang Pangka, 4 Juni 2012

Shangazi Kebo,

Assalamu alaikum, na shikamoo. Ni mimi Jumriah, kitinda mimba wa kaka yako. Mara ya mwisho kuniona, ulipokuja kututembelea, nilikuwa darasa la tatu, ukanisuka nywele nikalia. Nimemaliza shule mwezi uliopita. Nimefaulu, si sana, lakini kiasi cha Mama kupika supu ya mbavu na kuwaita majirani. Mama anakusalimu. Goti la Baba linamsumbua, hasa akichutama chini ya chombo cha baharini, naye hataki mtu alitaje. Yule paka wa zamani amekufa. Tuna mwingine, mwizi kumpita.

Mama aliniambia nikupigie simu. Nilipiga, ulipopokea nikakata. Nisamehe. Kwenye simu sauti hunipotea kabisa, wewe ungebaki kusema "haloo, haloo" na mimi nimesimama kama kisiki. Kwa hiyo naandika. Baba hajui.

Jambo lenyewe ni hili. Shangazi, ukiiona pwani yetu leo utadhani umeshuka mji mwingine. Kuanzia soko la samaki hadi karibu na mdomo wa mto ni mabango ya hoteli. Karakana ya Haji Lolo ni maegesho ya magari. Wauza barafu wameondoka, maana ardhi waliyokalia imekuwa ghali kuliko barafu watakayoiuza mpaka kufa kwao. Tulidhani mwaka huu ni zamu yetu. Halafu Manispaa wakatangaza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: kipande cha pwani kilichobaki, ambacho na sisi tumo, kitakuwa cha kazi za bahari tu. Waunda vyombo, wakalafati wa kuziba nyufa za mbao, wafuma nyavu. Hoteli marufuku, hata mtu aje na gunia la pesa. Daeng Sila, yule mkalafati wa Baba aliyekuwa akikuchekesha, alicheza kwenye matope mpaka suruali ikataka kumvuka.

Lakini kuna sharti. Kiwanja lazima kiguse maji, na chombo kiwe juu ya mteremko kinaundwa. Sisi hatugusi maji. Unajua mwenyewe. Babu alipofariki, Baba alipata mafungu mawili kama sheria ya mirathi inavyotaka, yaani nyumba na banda. Wewe ukapata fungu moja, ule mteremko wa kushushia vyombo. Mama anasema watu walikuonea huruma, eti umerithi matope. Miaka yote hii Baba ameutumia kama wake na wewe hukusema neno. Sasa kwa sheria hii mpya wewe ndiwe maji, sisi ni nchi kavu.

Afisa atakuja kukagua baada ya Idi. Tunachohitaji ni ukubali tu kwamba viwanja viwili vihesabiwe karakana moja. Hatuombi utupe. Ukikataa, banda la Baba litakuwa banda la mbao tu karibu na bahari ya mtu mwingine.

Nilimuuliza Baba kwa nini hakuandikii mwenyewe. Alisema, "Dada yangu anajua ninapokaa."

Mwanao,
Jumriah


Balikpapan, 2 Julai 2012

Jumriah,

Waalaikum salaam, marahaba mwanangu. Barua yako imefika imelowa pembeni, lakini mwandiko wako ni mzuri, umesomeka. Hongera ya shule. Nilijua ni wewe uliyekata simu. Niliwasikia kuku wa mama yako.

Mimi mzima. Kila alfajiri nauza wali mweusi wa kunata kwa nazi na samaki mkavu, kwa watu wanaokwenda kazini kwenye kiwanda cha mafuta. Wanakula wamesimama. Paa langu linavuja upande wa jikoni tu, na hapo nimeweka sufuria, kwa hiyo si kuvuja, ni kuteka maji. Nimempa mpishi wa meli pakiti mbili za vikaukau vya samaki akuletee. Akikupa moja, jua nyingine ameila.

Kwa goti la baba yako, ponda tangawizi, chemsha, funga kwa kitambaa usiku. Atakataa. Mfunge akiwa amelala. Tangu utotoni ni hivyo, akiumia hasemi, anangoja wengine wasahau.

Ule mti wa mkungu uliokuwa pembeni ya mteremko bado upo? Tulikuwa tukipasua kokwa zake kwa nyundo ya Babu.

Wasalimie wote wanaotaka kusalimiwa.

Shangazi yako


Lembang Pangka, 10 Julai 2012

Shangazi,

Shikamoo. Vikaukau vimefika, pakiti moja na nusu. Mkungu upo, ila tawi la upande wa baharini limekatwa na watu wa hoteli ya jirani, walisema linaziba mandhari. Baba alikubali kufungwa tangawizi. Kwa kweli hakukubali, alilala.

Shangazi, hukunijibu kuhusu mteremko. Huenda niliandika vibaya. Sipendi kuuliza mara mbili, shuleni nilikuwa nakaa nyuma ili nisiulizwe hata mara moja. Lakini sasa mambo yanakimbia.

Kuna bwana anaitwa Lukito, ni wakala wa watu wenye hoteli. Alikuja na viatu vyeupe. Daeng Sila alikuwa chini ya chombo cha matengenezo, akatoa kichwa akamwambia, "Bosi, viatu hivyo umetoka navyo harusini au unavipeleka?"

Lukito akacheka. Ni mtu wa kucheka. Akasema, "Nyie waunda vyombo wa Ara, hata kiwanja hamuuzi bila matusi!"

Baba bila kuinua macho akamjibu, "Matusi ni ya bure. Kiwanja hakipo."

"Cha kwako nimeambiwa hakipo, Daeng. Nauliza kile cha kuelekea kwenye maji," akasema Lukito, akimwita Baba Daeng kwa heshima.

Baba akaendelea kuchonga. Nilitegemea atasema ni cha dada yake, naye hauzi. Hakusema. Nilikuwa nimebeba birika la chai nikabaki nimesimama nalo.

Habari njema ni kwamba Baba amepata kazi. Mtu wa kisiwa cha Selayar anataka chombo kipya cha mizigo, cha mbao tupu. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, utalazwa baada ya Idi, afisa akija akikute chombo kinaanza. Sijawahi kuona mkuku ukilazwa tangu niwe na akili. Mama amenieleza: fundi anakata ncha zote mbili. Kipande cha mbele kinatupwa baharini, ndiye mume anayekwenda. Kipande cha nyuma hakigusi ardhi, kinapelekwa kwa mke wa mwenye chombo akiweke darini, ndiye yeye anayengoja. Nilimwambia Mama ni desturi nzuri. Akasema wewe pia ulipewa kimoja, cha chombo cha marehemu Sattu, mumeo. Bado unacho?

Nakuomba unijibu, hata kwa mstari mmoja. Ramadhani njema.

Jumriah


Balikpapan, 30 Agosti 2012

Jumriah,

Idi njema iliyopita. Nilifunga mwezi wote, namshukuru Mungu. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika niliamka nikaenda kuosha vyombo visafi.

Umeandika "marehemu Sattu." Wewe ni mtu wa kwanza wa nyumba hiyo kuliandika neno hilo. Labda hukujua. Basi nitakueleza, maana mama yako amekupa nusu ya desturi, ile tamu.

Chombo cha Sattu kiliundwa hapo, juu ya mteremko huo. Baba yako ndiye aliyekiunda, kilikuwa cha kwanza chake bila Babu kumsimamia. Alikuwa kijana, anajisikia. Alikata ncha mbili. Ya mbele akaitupa, wanaume wakapiga kelele, wakaenda kula. Ya nyuma akaniletea mimi kwa mikono miwili, akaniambia, "Dada, mlinde." Miezi saba baadaye Sattu alipakia mbao kisiwani Sumbawa na watu wanane, na hakuna aliyewaona tena. Wala ubao, wala jerikeni.

Hii ndiyo nusu ya pili. Kwa desturi ya ukoo wetu, chombo kikipotea, fundi aliyekiunda anakwenda mwenyewe kwa yule mwanamke. Anakichukua kile kipande kwa mikono miwili, anakwenda kukizika pale mkuku wake ulipolala. Hasemi kitu, haulizwi kitu. Akishakizika, chombo kimekufa, na mwanamke ameachiwa. Kadhi alikwisha niachia zamani. Serikali nayo ilikwisha andika kwenye karatasi zake. Fundi hajaja.

Nilimngoja mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulikuwa tukiishi ua mmoja, Jumriah! Hatua za kuku. Alipita mlangoni kwangu asubuhi na jioni na tezo yake ya kuchongea mbao begani, akinisalimu vizuri. Watu walianza kusema chombo cha baba yako, Daeng Ngemba, hakizami, kimechelewa tu. Naye akaacha waseme. Wateja waliongezeka. Nikaona siwezi kukaa mahali ambapo mume wangu amechelewa milele ili mtu mwingine apate kazi. Nikapanda meli.

Kipande ninacho, kipo juu ya kabati, kimefungwa kwa kanga.

Sasa kuhusu mteremko. Mji unataka kuhifadhi kazi za bahari, vizuri. Mimi pia nimeihifadhi kazi ya bahari, miaka ishirini, na mimi hakuna aliyenitangaza. Mwambie baba yako aje. Siku atakayokichukua kwa mikono yake, mteremko ni wenu na udongo wake, bure, na mkungu juu yake.

Soma barua hii peke yako kwanza.

Shangazi


Lembang Pangka, 8 Septemba 2012

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma peke yangu, nikaisoma tena nikiwa nyuma ya tangi la maji. Samahani kwa yale niliyoandika kuhusu desturi nzuri. Mama anakusalimu. Analia kidogo kidogo, akiulizwa anasema ni vitunguu.

Nilimwambia Baba. Ilinichukua siku kadhaa. Nilimpelekea chai, nikasema yote kwa haraka nikiangalia miguu yake. Aliendelea kuchonga mpaka maranda ya mbao yakafika kwenye magoti yake. Halafu akasema, "Chombo changu hakuna aliyekiona kikizama."

Nikasema, "Shangazi hasemi kilizama kwa kosa lako. Anasema uende."

"Kuna watu walipotea, wakaonekana Australia."

"Baba, miaka ishirini."

Daeng Sila alikuwa anasokota pamba ya kukalafati. Akasema, "Ngemba, nenda. Kipande cha mti tu, si jeneza." Baba akamwambia akalafati mdomo wake kwanza. Kwa kawaida wangecheka. Hawakucheka.

Afisa alikuja Jumatano. Anaitwa Bi Marwah, ni kijana, ana mwavuli, alivua viatu akatembea kwenye matope kama sisi. Nilimpenda. Aliangalia mbao za mkuku zimelala bandani, akaandika. Halafu akasema, "Mzee, sheria inaniambia nione maji."

Baba akaonyesha kwa kidevu. "Maji yale pale."

"Nayaona. Lakini kati yako na yale maji kuna kiwanja cha mtu."

"Cha dada yake, si cha mtu!" akasema Daeng Sila.

Bi Marwah akasikitika kweli. "Sheria haijui dada, Daeng. Inajua jina." Ametupa mpaka mwisho wa mwaka. Akasema kama mteremko utakuwa wetu kwa njia yoyote, atatupitisha siku hiyo hiyo, hata Ijumaa.

Shangazi, nina wazo. Nije mimi. Nina hela kidogo ya zawadi za Idi, nauli inatosha. Nitakichukua kwa mikono miwili, nitakizika nilipoonyeshwa. Mimi ni damu yake.

Jumriah


Balikpapan, 24 Septemba 2012

Jumriah,

Marahaba. Usije. Karibu nyumbani kwangu siku yoyote, nitakupikia, lakini kwa jambo hili usije. Wewe hukukiunda.

Nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Yule Lukito wako amenifuata hadi huku. Alikaa chini kwenye sakafu yangu na suruali yake ya bei, akala wali wangu kwa mkono, akaomba tena. Aliuliza ile kanga juu ya kabati ina nini. Nikamwambia. Akaacha kula, akasema, "Pole sana, Mama." Najua ni mfanyabiashara. Najua pole yake ina bei. Lakini nilikuwa sijawahi kuambiwa pole na mtu aliyekaa chini.

Sijamkubalia. Nimemwambia angoje Sikukuu ya Kuchinja ipite.

Shangazi


Lembang Pangka, 12 Oktoba 2012

Shangazi!

Shikamoo. Naandika haraka, nataka barua hii iwahi, ingawa najua Baba atafika kabla yake. Anakuja! Jana alinyoa ndevu. Akamwambia Mama ampigie pasi shati la Ijumaa. Hakusema anakwenda wapi, akasema tu, "Meli inaondoka saa ngapi?" kana kwamba sisi ndio tunaosafiri. Mama ameweka kwenye mfuko ndizi za kukaanga na kitambaa cheupe kipya, kikubwa, cha kufungia. Baba alikiona kitambaa. Hakukitoa.

Kule mteremkoni tumefagia pale mkuku wa chombo cha Sattu ulipolala. Daeng Sila ndiye aliyekumbuka mahali penyewe, anasema alifunga ndoa wiki ile kwa hiyo hawezi kusahau. Amechimba shimo dogo. Nimelifunika kwa ubao kuku wasiingie.

Shangazi, nina furaha mno. Usimkasirikie akichelewa kusema. Hasemi vizuri. Mimi nimemrithi.

Jumriah


Balikpapan, 29 Oktoba 2012

Jumriah,

Sikukuu njema. Nyama ya mwaka huu ilikuwa ngumu.

Baba yako alikuja. Najua umekwisha mwona akirudi, na umeona mikono yake mitupu. Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu yeye hatakuambia.

Alifika asubuhi, wateja wakiwa wengi. Alisimama kwenye foleni kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika nikasema, "Wewe ingia ndani." Akaingia, akasifu chumba, akatazama paa, akasema mabati yamepitwa na wakati. Goti lilimsumbua kukaa, kwa hiyo akakaa kwenye kiti, mezani.

Nilikuwa nimeshusha kipande tangu alfajiri. Nilikifungua kanga. Nilikiweka juu ya meza, katikati, kati ya bakuli la pilipili na jagi la maji. Ukubwa wake ni kama mkate. Hakuna mtu mwenye macho asiyekiona, seuze fundi. Mpasuo wa msumeno ni wake. Jina la chombo amelichonga kwa mkono wake.

Nikaleta sahani. Meza yangu ni ndogo.

Alikisogeza.

Alikisogeza pembeni, ili sahani ikae. Kwa mkono mmoja, wa kushoto, maana wa kulia alikuwa tayari amemega. Kisha akala, akasema wali ni mzuri, kama wa Mama yetu. Akala sahani mbili. Aliuliza kuhusu bei ya nazi. Mimi nilisimama na taulo begani, nikingoja. Alipomaliza alinawa, akasema meli haisubiri. Mlangoni aligeuka, nikadhani sasa. Akasema, "Jitunze, Dada. Nitatuma mtu wa mabati."

Utasema ningemwambia. Ningemwambiaje? Mfiwa haombi pole.

Jana nimemuuzia Lukito mteremko. Usinililie na usinishawishi, imekwisha. Baba yako angetaka ningempa hata na shati nililovaa. Alikuja, akala, akarudi.

Wewe hujanikosea kitu. Ukiniandikia nitajibu.

Shangazi


Lembang Pangka, 17 Februari 2013

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu. Sikuwa nimekasirika, au nilikasirika lakini sikujua na nani. Mama mzima. Mvua ni nyingi, mtaro umefurika hadi kwenye ngazi. Mtu wa Selayar amepeleka mbao zake kwa fundi mwingine. Daeng Sila anakusalimu, anasema wali wako anausikia harufu mpaka huku.

Baba aliporudi kutoka kwako nilimpokea mfuko. Ndani mlikuwa na kitambaa kile cheupe, bado kina alama za pasi. Nikamuuliza habari. Akasema, "Nimemwona. Mzima. Anapika vizuri." Nikamuuliza, "Na kipande?" Akasema, "Kipande gani? Mimi sikuona kipande." Nilikwenda nikalifukia lile shimo.

Sasa nakueleza yaliyofuata, uyajue.

Pwani yetu imehifadhiwa. Hoteli haikujengwa juu ya mteremko, sheria haikuvunjwa hata kidogo. Lukito ni mwerevu. Aliomba kibali cha kuunda chombo. Chombo kikubwa cha mbao, chenye mlingoti, kwa mikono ya mafundi wa Ara, juu ya mteremko wa zamani. Kikiisha kitabaki hapo hapo, ndani mwake kuwe na mkahawa wa wageni wa hoteli. Nilimfuata Bi Marwah hadi ofisini, mimi mwenyewe, nikasema kwa sauti. Alinipa kiti. Akasema, "Dada, nimeisoma sheria mara tatu nikitafuta pa kumkatalia. Inasema kazi ya bahari, mafundi wa bahari, chombo juu ya mteremko. Tulisahau kuandika kwamba lazima kielee."

Na fundi mkuu ni Baba. Amepewa mshahara wa mwezi na fulana yenye nanga kifuani. Alikubali siku hiyo hiyo aliyoambiwa. Kazi nyingine hakuna, Shangazi, sitaki umfikirie vibaya zaidi ya inavyostahili. Daeng Sila naye yumo. Anauliza kila asubuhi, "Leo nikalafati nini, bosi, supu isivuje?"

Jumamosi wamelaza mkuku. Lukito alitaka desturi zote, kwa sababu ya wapiga picha. Baba akakata ncha mbili. Ya mbele akaitupa, lakini maji yalikuwa yamekupwa, ikaanguka kwenye matope, ikasimama wima. Wakamwomba airudie kwa ajili ya picha. Akashuka kwenye matope na goti lake, akaiokota, akaitupa tena. Ikaanguka pale pale.

Lukito akainua ncha ya nyuma, akauliza, "Na hii anapewa nani?"

"Mke wa nahodha," akasema Daeng Sila.

"Nahodha ni nani?"

"Mpishi."

Watu walicheka sana. Baba hakucheka. Alimpokonya Lukito kile kipande, akakifunga kwenye saruni yake, akaja nacho nyumbani.

Mama alikuwa akiswali chumbani. Baba akakiweka mbele yangu, juu ya mkeka tunaolia chakula, akaniambia, "Kiweke darini."

Nikasema, "Nimngoje nani, Baba?"

Akaketi, akanyoosha goti lake, akangoja chakula.

Nilileta wali na samaki. Mkeka wetu si mkubwa. Nilikisogeza. Nilitumia mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa na sahani.

Alikitazama kipande kilipofika. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, mpaka mvuke wa wali ukaisha. Halafu akala. Sahani moja tu.

Nilitaka ujue, Shangazi. Safari hii alikiona.

Mwanao,
Jumriah